Nani Alikuambia Usiguse?

Kuna neno moja linalotawala biashara ya kompyuta Nairobi, kuanzia maduka ya Moi Avenue hadi vibanda vya mtaani: usiguse. Usiguse BIOS. Usifungue kifuniko, stika itapasuka. Usibadilishe kitu humo ndani, utaiunguza. Ukimuuliza fundi kuhusu ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa mwendo mkubwa kuliko ule ambao ilitoka nao kiwandani, anakutazama kama mtoto aliyeomba kiberiti. Halafu anakuonyesha prosesa ya bei ghali zaidi.

Mimi nasema guseni. Guseni polepole, mkijua mnachogusa, lakini guseni. Huu woga tunaouziwa pamoja na kompyuta una mtu anayekula kupitia kwake, na huyo mtu si wewe.

Tuanze na ile namba iliyoandikwa kwenye boksi. Watu huisoma kana kwamba ilishuka kutoka mlimani. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani moja ya silikoni, nyingi kwa mpigo, na hakuna mbili zinazofanana kabisa. Kiwanda huzipima, huzipanga kwa madaraja, kisha huzipa jina na bei. Baadhi hushushwa daraja kwa sababu kweli zina kasoro. Nyingine ziko fiti kabisa, ila soko la bei ya chini lina wateja na lazima lijazwe, basi nazo huvalishwa jina la mdogo wao. Wewe unayenunua hujui umeokota ipi. Waovakloki huiita bahati nasibu ya silikoni.

Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya watu wa mfuko mwepesi. Mwendo wake ulikuwa 300 MHz, na hesabu yake ni rahisi: saa ya msingi ya bodi 66 MHz, zidisha kwa 4.5. Kile kizidishi cha 4.5 kilifungwa ili watu wasikichezee. Sawa, hawakukichezea. Walipandisha saa ya bodi kutoka 66 hadi 100, na 100 mara 4.5 ni 450. Chipu nyingi zilikubali bila hata kulalamika, zikaanza kusumbuana na Pentium II ya 450 MHz, ambayo ilikuwa inauzwa kwa pesa za watu wakubwa. Kile kizazi kilijifunza kitu ambacho kampuni haikutaka kijulikane: tofauti ya bei si lazima iwe tofauti ya chuma.

Kama unadhani hizo ni stori za wazee, ruka hadi 2010. Intel ilileta Pentium G6951 ikiwa imezimiwa baadhi ya uwezo wake, kisha ikauza kadi ya dola 50 yenye namba ya siri. Unaikwaruza kama kadi ya kredo, unaingiza namba, programu inakufungulia sehemu ya kumbukumbu ya ndani na uwezo wa kila kiini kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Hakuna kipande kipya kilicholetwa kwa DHL. Vitu hivyo vilikuwa tayari ndani ya chipu uliyolipia, mezani kwako. Watu walipiga kelele na mpango haukudumu, lakini fikra yake haikufa. Kuanzia 2011, ukitaka kizidishi kilicho wazi kwa Intel, unanunua chipu yenye herufi K mwishoni na bodi ya daraja la juu ya kuendana nayo. AMD walikuja na Ryzen mwaka 2017 wakiwa wameacha vizidishi wazi, ila bodi zao za bei ya chini kabisa, kama A320, bado haziruhusu kitu.

Najua swali linalokuja. Matatu zilifungwa spidi gavana, kilomita 80 kwa saa, zile sheria za Michuki. Kwani mimi nataka tuzing'oe? Hapana. Gavana ya matatu inamlinda abiria, mwenye duka kando ya barabara, na mtoto anayevuka Jogoo Road. Kufuli ya kizidishi haimlindi mtu yeyote anayevuka popote. Inalinda orodha ya bei. Na hata hivyo, nchi nzima tunajua kuichukua nganya iliyotoka kiwandani kama lori la kubebea viazi tukaitia muziki, taa na skrini hadi mwenye kiwanda asiijue. Luthuli kuna vijana wanaobandua chipu za simu kwa hewa moto chini ya hadubini na kuzirudisha mahali pake. Halafu hao hao watu tunaambiwa kwamba kubadilisha namba mbili kwenye BIOS ni mambo ya wataalamu wa ng'ambo. Ebu tuheshimiane.

Na usiguse yenyewe, je, huwa inamlinda mtu? Angalia yaliyotokea juzi tu. Wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14 walianza kuona gemu zinaanguka na mashine zinazima katikati ya kazi. Mwaka 2024 Intel ikakiri kwamba chipu zilikuwa zinaomba volteji ya juu kupita kiasi, na kwamba volteji hiyo ilikuwa inazila kutoka ndani, hatua kwa hatua, hadi zikashindwa kufanya kazi kwa volteji zilizokuwa zikizitosha mwanzoni. Agosti mwaka huo wakatoa maikrokodi mpya, 0x129, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Maikrokodi haikuponya chipu iliyokwisha kuharibika. Na kitu cha kuuma zaidi ni kwamba hazikuwa zile za K peke yake. Chipu zilizofungwa pia zilikuwemo, za watu ambao hawajawahi kuingia BIOS maishani, watoto wazuri waliotii kila stika. Bodi nazo, nyingi zilikuwa zimekuja na mipaka ya umeme iliyowekwa juu ya mwongozo wa Intel wenyewe. Kwa maneno mengine, mashine zilikuwa zimeovaklokiwa kimyakimya na waliouza, na mwenyewe hakuambiwa.

AMD nao wasicheke. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 7000, hasa zile za X3D, ziliungua hadi zikavimba kwenye soketi. Watu walikuwa wamebonyeza kitufe kimoja tu cha kuipa RAM mwendo wake wa kwenye boksi, na bodi ikajiamulia yenyewe kupandisha volteji ya sehemu inayoitwa SoC. Baadaye AMD wakaweka kikomo cha 1.3 V. Mtu aliyekuwa na mazoea ya kusoma volteji zake angeiona ile namba siku ya kwanza. Aliyeamini neno auto hakuona kitu mpaka moshi.

Hoja yangu yote iko hapo. Ovakloki ya usalama huanza na kujua namba za mashine yako, na anayekukataza kuzijua anakuacha uchi hata kama hutaki kuongeza mwendo hata kidogo.

Sasa niwageukie wenzangu, kwa sababu ile kambi ya guseni nayo ina vichwa maji. Kuna msee anapandisha volteji hadi 1.5, anapiga skrinshoti ya 5 GHz, anaposti, anasifiwa, na wiki tatu baadaye chipu iko sokoni "imetumika kidogo tu". Huyo ndiye anayempa fundi sababu ya kusema usiguse. Ameona watu ng'ambo wakivuka 9 GHz mwaka 2022, akasahau kwamba walikuwa wanamwaga heli ya kimiminika juu ya chipu na walihitaji isimame sekunde chache tu, ipigwe picha, basi. Mbio za aina hiyo ni michezo, na ni michezo mizuri, lakini hakuna mtu anayeenda kazini na gari la Safari Rally.

Fizikia yake haina siri. Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini hufuata mwendo, na hufuata volteji mara mbili, yaani volteji zidisha kwa volteji. Pandisha mwendo asilimia 10 na volteji asilimia 10, joto utakaloliondoa halipandi asilimia 10 wala 20, hupanda kama 33. Lakini hesabu hiyo hiyo inarudi nyuma. Shusha volteji asilimia 10 na mwendo uache ulivyo, na umepunguza kama asilimia 19. Ndiyo maana watu wengi wanaojua kazi hii siku hizi huanza kwa kupunguza. Prosesa za leo hujipandisha mwendo zenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu. Ukiipa volteji ndogo inayoitosha, inabaki baridi, na kwa sababu iko baridi inajiruhusu kukimbia zaidi. Unapata mwendo kwa kutoa. Mara ya kwanza inasikika kama uganga.

Volteji ikizidi pamoja na joto, kuna kitu kinaitwa elektromaigresheni. Mkondo wa umeme husukuma atomi za zile nyaya nyembamba ndani ya chipu, kidogo kidogo, kama mto unavyokula ukingo wake, hadi waya unakatika au unagusa jirani yake. Haitokei kwa siku moja. Mashine itafanya kazi leo, kesho, miezi, huku inaliwa. Kwa hivyo yule anayekuambia "mimi naendesha 1.5 na iko sawa" hajakuambia kitu bado.

Halafu kuna suala ambalo miongozo mingi ya ng'ambo haikuandikiwa sisi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi, pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na ya pwani. Feni inazunguka vile vile lakini inasukuma hewa kidogo zaidi kwa uzito, na uzito wa hewa ndio unaobeba joto. Tunaokolewa na baridi yetu ya Julai. Mombasa hewa ni nzito, ila chumba kinaweza kuwa digrii 32 saa tisa mchana, na kipoza joto cha feni hakiwezi kamwe kushusha chipu chini ya joto la chumba. Hizo digrii kumi za ziada zinaingia karibu zote kwenye kipimo chako. Ongeza chumvi na unyevu wa bahari. Ongeza vumbi jekundu la barabara inayojengwa nje ya dirisha lako tangu mwaka juzi. Mwongozo ulioandikiwa chumba chenye AC cha digrii 21 ni wa kusoma kwa makini, si wa kunakili.

Na lazima niseme ukweli kuhusu mashine ambazo wengi wetu tunazo. Ile OptiPlex ya ex-UK yenye i5-6500 haiovaklokiki. Prosesa imefungwa, bodi imefungwa, pawa saplai ni ya ofisini. Usimlipe mtu anayekuahidi vinginevyo. Lakini ifungue. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto inaweza kuwa ile ile ya siku ilipotoka kiwandani, imekauka kama chokaa. Safisha kwa pombe ya hospitali, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, piga vumbi kwenye feni. Mashine iliyokuwa inajipunguzia mwendo kwa sababu ya joto itarudi kwenye mwendo wake halali, na utasikia tofauti kwa masikio kabla hujaiona kwa macho.

Kwa upande mwingine, kuna duka moja la katikati ya jiji, sitalitaja, lililonionyesha "gaming PC" yenye i7-7700K iliyokaa juu ya bodi ya H110. Taa za rangi saba, kioo pembeni. K ilikuwa pale, bei ya K ilikuwa pale pia. Bodi ya H110 haikuruhusu kugusa kizidishi. Mnunuzi anauziwa mlango uliojengewa ukuta nyuma, na kwa sababu amefundishwa asiguse, hatajua milele. Hiyo ndiyo faida ya usiguse kwa mwenye duka.

Basi inafanywaje? Yangu ni Ryzen 5 5600, viini sita, kwenye bodi ya B550, na nitaeleza nilivyoiendea kwa sababu hakuna kitu cha ajabu ndani yake.

Kabla ya kubadilisha chochote niliipima ilivyo. HWiNFO kwa kusoma joto na volteji, Cinebench kwa mwendo, Prime95 kwa mateso. Niliandika kwenye karatasi. Mtu asiye na namba za mwanzo hawezi kujua kama ameboresha au ameharibu. Kisha nikaiendea ile sehemu ya BIOS inayoitwa Curve Optimizer, ambayo huishushia kila kiini volteji yake peke yake, hatua moja ikiwa ni milivolti tatu hadi tano. Watu wanaoharakisha huweka -30 kwa viini vyote, wanapita Cinebench mara moja, wanalala. Cinebench si mtihani. Ni mashindano ya dakika kumi. Prime95 iliandikwa kwa ajili ya kusaka namba tasa kubwa kabisa, na katika hali ya mateso inalinganisha kila jibu na jibu linalojulikana. Kiini kikikosea hesabu moja, kinasimamishwa na unaambiwa.

Nilishuka tano tano. Viini vitano vilifika -20 bila shida. Cha nne kilikataa kitu chochote chini ya -8, na hakuna kumbembeleza, ndiyo bahati nasibu yenyewe. Cha kushangaza kwa wageni ni kwamba volteji ikipungua mno, mashine mara nyingi haianguki ikiwa na kazi nzito. Inaanguka ikiwa imekaa, unasoma tu habari, kwa sababu hapo ndipo kiini kimoja hurukia mwendo wake wa juu kabisa. Kwa hivyo wiki nzima niliitumia kawaida kabla ya kuiamini, na nilikuwa nikiangalia kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kama kuna maneno WHEA. Yakionekana hata mara moja, unarudi nyuma hatua mbili, hata kama mashine haijaanguka.

Ukiamua kupandisha kwa mkono, kizidishi na volteji ya kudumu, sheria zangu ni kali zaidi. Hatua moja kwa wakati mmoja, usiguse RAM siku hiyo hiyo, na volteji usiiachie auto, kwa sababu bodi nyingi huogopa kuanguka kuliko zinavyoogopa kuchoma, zitakumiminia. Kwa Ryzen kama yangu sivuki 1.3 V viini vyote vikiwa kazini. Joto nalitaka chini ya digrii 85 kwenye mateso, ingawa kiwanda kinaruhusu zaidi. Chipu ikifika kikomo chake itajipunguzia mwendo, ikizidi sana itajizima. Ulinzi huo upo na unafanya kazi. Haukulindi dhidi ya volteji. Nalisema tena kwa sababu hapo ndipo watu huungulia: joto lina mlinzi, volteji mlinzi wake ni wewe.

Na mashine ikikataa kuwaka, haijafa. Hii peke yake ingefuta nusu ya woga mjini. Zima, chomoa waya ukutani, toa ile betri bapa ya CR2032 kwenye bodi kwa dakika chache, rudisha. BIOS imesahau ujinga wako wote. Pawa saplai ni hadithi tofauti: kama ni ile isiyo na jina iliyokuja bure na kasha, usifanye chochote kati ya haya mpaka uibadilishe. Hapo sina mjadala, na stima yetu ikirudi baada ya kukatika hairudi kwa adabu.

Kuna mashine ambazo nami nitasema usiguse, bila aibu. Kompyuta ya cyber ambayo mama anajazia fomu za HELB za mwanawe. Ya kliniki. Ya mtu yeyote asiyejua kwamba umeigusa. Prosesa au RAM iliyosukumwa kupita kiasi si lazima ianguke. Inaweza kuandika namba moja vibaya kwenye faili na kuendelea kutabasamu. Ukiharibu gemu yako, hiyo ni yako. Hiyo ndiyo gavana ya matatu sasa, na hapo iachwe.

Faida yenyewe sitaikuza. Kwenye prosesa ya leo unaweza kupata asilimia tano, pengine kumi, na mashine tulivu zaidi. Siku za 300A zimeisha. Kiwanda siku hizi kinajivunia chenyewe karibu mwendo wote. Lakini kijana anayerenda video za wasanii usiku kucha Kayole anajua asilimia kumi ya saa sita ni nini. Na akishajua kwamba shida ilikuwa pesti iliyokauka, au bodi iliyoachiwa auto, hatapeleka pesa ya kodi dukani kununua chipu asiyoihitaji.

Waranti? AMD na Intel wote huandika kwamba ovakloki haimo. Intel waliwahi kuuza bima yake, kuanzia 2012: ukiiunguza kwa kuovakloki, unapewa nyingine mara moja. Mwaka 2021 wakaacha kuiuza. Kwa hiyo walijua watu wanafanya, na walikuwa radhi kabisa mradi kuna risiti. Mashine mpya ambayo huna uwezo wa kuibadilisha, iache mpaka waranti iishe, au baki kwenye kusafisha na kupima tu. Ya ex-UK waranti ya kiwanda iliisha kitambo.

Ninalodai kwetu sisi tunaogusa ni kusema tulichofanya. Chipu iliyosukumwa inauzika, kwa bei yake, ikiwa na maelezo yake. Karatasi yangu imebandikwa ndani ya kifuniko: tarehe, -20 kwa viini vitano, -8 kwa cha nne, digrii 76 baada ya saa moja ya Prime95. Atakayeinunua ataisoma kabla ya kunitumia pesa.